Nakala ya Mkataba Wako wa Sola Iko Wapi?

Wakala wa sola hufika mchana, saa ambazo nyumbani mara nyingi amebaki mtu mmoja. Amevaa fulana yenye nembo ya kampuni na begani ana mkoba wa vifaa vya kuonyesha: taa, redio, kipande cha paneli, pengine na picha ya televisheni. Akikaribishwa hana haja ya maneno mengi. Anaingia chumba kilicho gizani, anawasha taa, na taa inajieleza yenyewe. Kisha anataja bei, nayo si bei ya mtambo bali ni bei ya siku: shilingi hamsini. Kitambulisho kinapigwa picha, nambari ya simu inaandikwa, ombi la malipo linaingia kwenye simu ya mwenye nyumba, naye anabonyeza nambari ya siri. Mkataba wa mwaka mmoja na nusu, au hata miaka mitatu, umefungwa kabla chai aliyoandaliwa mgeni haijapoa.

Mema ya biashara hii siyakani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 ilifungua njia ya kukusanya pesa ndogo ndogo kutoka kwa watu wasio na akaunti ya benki, na mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza mitambo ya sola inayolipiwa kwa njia hiyo. Kampuni nyingine zikafuata, Tanzania, Uganda na Rwanda. Katika miaka ile ya mwanzo bei iliyojulikana sana Kenya ilikuwa arbuni ya shilingi 2,999, kisha shilingi 50 kila siku kwa mwaka mmoja. Jumla yake ni 21,249. Familia ambayo isingeweza kutoa zaidi ya elfu 20 kwa mkupuo iliweza kutoa hamsini, na kwa hamsini hiyo koroboi ikaondoka mezani pamoja na moshi wake. Mawakala wenyewe wengi ni vijana wa kijiji kile kile, wanaotafuta riziki kwa miguu juani. Sikuandika safu hii kuwashambulia.

Naiandika kwa sababu nimesoma mikataba hii, na nimeketi na watu walioifunga bila kujua kwamba wamefunga mkataba. Ukimuuliza mtu, "Mkataba wako uko wapi?" anakuonyesha ujumbe wa simu unaomshukuru kwa malipo. Wengine huonyesha kadi ya dhamana. Wengi hawana kitu. Kila haki nitakayoitaja hapa chini inaanzia kwenye karatasi hiyo wasiyokuwa nayo.

Tuanze na Kenya, ambako sheria imeandikwa waziwazi zaidi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaostahili, haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili anufaike nazo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia pale anapodhurika na kasoro. Baada ya Katiba ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji, Nambari 46 ya 2012. Sheria hiyo inauweka katika kundi lake mkataba unaojadiliwa au kufungwa ana kwa ana mahali pasipo pa biashara ya muuzaji. Sababu yake ni ya kiutu. Dukani umekwenda mwenyewe, umelinganisha bei, na ukichoka unatoka. Nyumbani umefuatwa. Huwezi kuondoka kwa kuwa uko kwako, na malezi yetu yanakutaka umsikilize mgeni mpaka amalize. Kumwambia mgeni "ondoka" ni jambo ambalo watu wengi wazima hawaliwezi, na muuzaji mzoefu analijua hilo vizuri.

Kwa hiyo sheria inampa mnunuzi wa nyumbani nafasi ya kufikiri baada ya mgeni kuondoka. Anaweza kuufuta mkataba, bila kutoa sababu yoyote, tangu siku ya kuufunga mpaka siku kumi baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Hahitaji kuonyesha kwamba taa ni mbovu au kwamba amedanganywa. Kubadili nia kunatosha. Na kama hakupewa nakala yenye yale yote ambayo sheria inataka yawemo, muda wake hauishi siku ya kumi. Anaweza kuufuta ndani ya mwaka mmoja tangu siku alipoufunga.

Angalia siku kumi zinavyohesabiwa. Hazianzi siku ya kulipa arbuni, wala siku fundi alipopanda juu ya paa. Zinaanza siku nakala inapofika mkononi mwa mnunuzi. Waliotunga sheria walijua kwamba muuzaji asiyetaka mteja abadili nia atachelewesha karatasi, ndiyo maana wakaifanya kuchelewa huko kumgharimu muuzaji mwenyewe. Kampuni isiyotoa nakala inaishi mwaka mzima na mkataba ambao mteja anaweza kuufuta. Ni kifungu chenye nguvu sana, na mawakala wengi hawajawahi kukisikia.

Kampuni zinaweza kujibu kwamba nakala ipo, kwa kuwa mteja ametumiwa ujumbe wenye kiungo cha intaneti. Jibu hilo sikubaliani nalo. Wateja wengi wa sola wanatumia simu za vibonyezo, ambazo haziwezi kufungua kiungo hicho. Hata kwa mwenye simu janja, maandishi yanayofunguka mara nyingi ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, yakielezea makubaliano yaliyofanywa kwa Kiswahili, Kikamba au Kiluo. Katiba yenyewe inataja taarifa zinazohitajika ili mtu anufaike na anachonunua. Taarifa isiyofunguka, au isiyosomeka kwa anayefungwa nayo, haijamfikia. Kampuni iliyoweza kutafsiri tangazo lake la biashara katika lugha ya kila redio ya mashinani haiwezi kushindwa kutafsiri masharti ya mkataba wake.

Kuna mwanya ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Sheria inapoeleza mkataba wa ana kwa ana nje ya duka, inaacha kando mauzo ya sokoni, mnadani na kwenye maonyesho ya biashara au ya kilimo. Maana yake, ukijiandikisha kwenye hema la kampuni siku ya soko, huenda usiwe na siku zako kumi, ilhali jirani yako aliyejiandikisha sebuleni kwake anazo. Tofauti hiyo ni kubwa, na si ajabu hema za siku ya soko zimejaa. Kama unakipenda kifaa ulichokiona sokoni, mwambie wakala aje nyumbani.

Sasa bei. Bei ya siku ndiyo inayotumika kuuza, na ndiyo inayoficha gharama halisi. Nitatoa mfano wa kukokotoa, usio wa kampuni yoyote. Mtambo unauzwa taslimu kwa shilingi 18,000. Kwa awamu, unatoa arbuni ya 3,000 kisha 50 kila siku kwa siku 480. Malipo ya kila siku yanafika 24,000, na ukiongeza arbuni umelipa 27,000. Umekopa 15,000 na kurudisha 24,000. Mkopo umekugharimu 9,000. Kwa kuwa deni linapungua kila siku unapolipa, hukai na ile 15,000 yote kwa siku zote 480, na ukiupiga hesabu ya kibenki mkopo huo unakaribia riba ya asilimia 80 kwa mwaka. Wakala akiulizwa kuhusu riba atasema hakuna, na yeye mwenyewe pengine anaamini hivyo, kwa sababu katika mafunzo yake hakuambiwa kwamba anauza mkopo. Aliambiwa anauza taa.

Sisemi kila kampuni inatoza hivyo, wala sisemi gharama ya kukopesha watu wasio na dhamana ni ndogo. Kuna mawakala wa kulipwa, mafundi, mitambo inayopotea, na wateja wasiomaliza kulipa. Lakini mtu ana haki ya kuziona nambari tatu zikiwa zimepangwa pamoja: bei ya taslimu, jumla ya bei ya awamu, na idadi ya siku. Sheria ya zamani ya Kenya ya ununuzi wa awamu, Sura ya 507, iliyotungwa kwa ajili ya wanunuzi wa fanicha na magari, inataka bei ya taslimu na bei ya awamu zote zionekane kwenye mkataba. Mteja wa sola hastahili kuonyeshwa pungufu ya anachoonyeshwa mnunuzi wa kochi.

Tena hizo siku 480 si lazima ziwe siku 480 za kalenda. Katika mikataba mingi, siku usiyolipa haihesabiwi. Taa inazimika, na siku hiyo inasogezwa mbele. Aliyeambiwa mwaka mmoja na nusu, akapita misimu ya kiangazi bila mauzo ya maziwa, anajikuta bado analipa mwaka wa tatu. Muulize wakala swali hilo hasa: nikikaa mwezi mmoja bila kulipa, nini kinatokea kwa taa, kwa deni, na kwa arbuni yangu? Jibu lake liandike.

Hapa tunafika kwenye kufuli. Mtambo wa kulipia kidogo kidogo una chombo ndani yake kinachoweza kuuzima kutoka mbali. Baadhi ya mitambo ina laini ya simu inayopokea amri kutoka makao makuu. Mingine inasubiri mteja aingize tarakimu alizotumiwa baada ya kulipa. Kwa vyovyote, siku zilizolipiwa zikiisha, taa inakataa, ingawa jua limewaka mchana kutwa na betri imejaa. Kufuli hili ndilo dhamana ya mkopo. Mwaka 2021 wanauchumi Paul Gertler, Brett Green na Catherine Wolfram walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda, ambako wateja wa sola walipewa mikopo ya karo, baadhi yao wakiwekewa mtambo wao kama dhamana kwa kufuli hilo. Kufuli lilishusha kiwango cha kushindwa kulipa kwa pointi 19 za asilimia. Watafiti walilichukulia kama habari njema kwa ukopeshaji, na kwa upande mmoja ni kweli: bila kufuli, wengi wasingekopeshwa kabisa.

Ila tujiulize kufuli linafanya nini kisheria. Ile Sura ya 507 ina kifungu cha zamani kinachosema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei ya awamu, mwenye mali hawezi kuichukua kwa mabavu yake. Sharti aende mahakamani. Kifungu hicho kilitungwa wakati kunyang'anya kulihitaji watu wawili, gari, na mlango wa kugonga. Leo kunahitaji amri moja ya kompyuta. Mteja aliyelipa 18,000 kati ya 27,000 amefika theluthi mbili. Akikosa pesa wiki tatu, taa zake zinazimwa, mtambo unabaki ukutani, na hakuna hakimu aliyeulizwa. Wakili wa kampuni atasema hakuna kilichochukuliwa, kwani paneli iko juu ya paa. Mimi naona kimechukuliwa kile kile alichonunua mteja, yaani mwanga. Mali ambayo huwezi kuitumia kwa amri ya mtu mwingine imekwisha kutoka mikononi mwako, popote ilipotundikwa. Ningependa sana kuona hoja hii ikifikishwa mahakamani, na ikifika, natumaini mahakama itasema kwamba kinga ya theluthi mbili inalinda matumizi ya mali pamoja na uwepo wake ndani ya nyumba.

Kufuli lina athari nyingine isiyosemwa sana: linaua malalamiko. Mteja wa benki mwenye mgogoro anaweza kushikilia malipo mpaka asikilizwe. Mteja wa sola ambaye betri yake haifiki saa tatu usiku hawezi kushikilia kitu, maana akiacha kulipa anakosa hata hizo saa chache alizokuwa akizipata. Analipia mtambo mbovu ili aendelee kuwa na mtambo mbovu. Kwa hiyo dhamana ya ubora lazima isomwe pamoja na ratiba ya malipo. Viwango vya kimataifa vya mitambo midogo ya sola, vilivyoanzishwa na mpango wa Lighting Global wa Benki ya Dunia na ambavyo sasa vinasimamiwa na VeraSol, vinataka mtambo wa nyumba uwe na dhamana ya angalau miaka miwili. Kama unalipa kwa miaka mitatu na dhamana ni ya miwili, mwaka wa tatu unalipia kifaa ambacho kikiharibika ni juu yako. Muda wa dhamana usiwe mfupi kuliko muda wa deni. Mimi nisingesaini mkataba unaokwenda kinyume cha hilo, na sishauri mtu yeyote asaini.

Kampuni nazo hufa. Mwaka 2019 Mobisol, kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, Rwanda na Kenya, iliingia katika ufilisi Ujerumani kabla ya kununuliwa na Engie ya Ufaransa. Mteja mwenye mkataba wa miaka mitatu amefungamana na kampuni ambayo huenda ikabadili jina, mmiliki na nchi kabla hajamaliza deni. Nani atafungua kufuli kama mitambo ya mawasiliano ya kampuni itazimwa? Mkataba mzuri unalijibu swali hilo kwa kusema kwamba mtambo utafunguliwa moja kwa moja. Ule usiolijibu umeacha hatari yote kwa mwenye nyumba.

Msomaji anaweza kudhani tunadai mambo ya nchi tajiri. Tazama historia ya sheria yenyewe. Sheria ya Kenya ya 2012 ilifuata kwa karibu sana sheria ya watumiaji ya 2002 ya mkoa wa Ontario, Kanada. Hata zile siku kumi zimetoka huko. Ontario walikuwa na tatizo la wauzaji wa mikataba ya umeme na gesi waliogonga milango, wakiwataka wenye nyumba wawaonyeshe bili zao, na kuwaacha wamefungwa kwa miaka kadhaa kwa bei ya juu kuliko ile waliyokuwa wakilipa. Siku kumi zilikuwepo wakati wote huo. Hazikutosha. Waliodhurika zaidi walikuwa wazee na wahamiaji ambao lugha iliwapiga chenga, watu ambao siku kumi zinapita kabla hawajapata wa kuwasomea karatasi. Mwishowe, tangu Januari 1, 2017, Ontario ilipiga marufuku kuuza mikataba ya umeme na gesi mlangoni, na mwaka 2018 ikaongeza marufuku hiyo kwa vifaa kama vya kupasha maji na hewa ndani ya nyumba. Sisi tulichukua toleo la kwanza la sheria yao. Somo walilolipata baadaye hatukulichukua.

Uingereza nayo ilipita njia hiyo. Kampuni kubwa za nishati zilianza kuacha kugonga milango kuanzia 2011, baada ya kashfa za mauzo ya udanganyifu. Mwaka 2013 msimamizi wa nishati, Ofgem, aliitoza kampuni ya SSE faini ya pauni milioni 10.5 kwa kuwapotosha wateja. Katika Umoja wa Ulaya, mkataba unaofungwa nje ya duka unaweza kufutwa ndani ya siku 14, na kama muuzaji hakumwambia mteja kuhusu haki hiyo, muda unaongezwa kwa miezi 12. Kote huko kilichofanya kazi ni kumfanya muuzaji alipe gharama ya ukimya wake. Kumwachia mteja ajitafutie haki hakukumsaidia mtu.

Je, Kenya ipige marufuku uuzaji wa sola mlangoni? Hapana. Nyumba ya Ontario tayari ilikuwa na umeme. Muuzaji alikuwa anabadilisha tu jina la anayepokea malipo. Nyumba nyingi za Turkana au Tana River hazina umeme, na duka la karibu linaweza kuwa mwendo wa siku nzima. Kumzuia wakala asifike huko ni kumnyima mtu taa kwa jina la kumlinda. Ndiyo maana napendelea kugusa malipo ya wakala kuliko miguu yake. Wakala anayelipwa kamisheni yote siku ya arbuni hana sababu ya kujali kama mteja ataweza kulipa mwezi wa nne. Sehemu kubwa ya kamisheni ikisubiri mpaka siku kumi zipite, na nyingine ifuate malipo ya mteja, wakala huyo huyo ataanza kuuliza maswali ambayo leo hayaulizi: unapata pesa msimu gani, ni nani mwingine ndani ya nyumba anayejua habari hii, una mkopo mwingine? Wapo wanaofanya hivyo tayari kwa hiari, na kanuni za hiari za GOGLA, shirika la kampuni za sola duniani, zilizotolewa 2019, zinataja uwazi, uuzaji wa kuwajibika na heshima kwa mteja. Ila hiari huwabana walio waadilifu peke yao.

Wasimamizi tunao, na wamegawana kazi kiasi kwamba mteja anapotelea katikati. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, inatazama ufundi. Mamlaka ya Ushindani inatazama udanganyifu wa kibiashara. Benki Kuu ilipopewa usimamizi wa wakopeshaji wa kidijitali, kanuni za 2022 ziliwaacha nje wale ambao mkopo wao ni sehemu tu ya kuuza bidhaa, na kampuni za awamu zikaweza kusimama nyuma ya mstari huo. Mwishoni mwa 2024 sheria ilibadilishwa ili Benki Kuu iwasimamie kwa upana zaidi wakopeshaji wasiopokea amana. Hii ndiyo nafasi ya kuandika mambo matatu kwenye kanuni: nakala ya Kiswahili ikabidhiwe kabla ya arbuni kupokelewa, zile nambari tatu zionekane ukurasa wa kwanza, na kufuli lisizime mtambo wa mteja aliyelipa theluthi mbili bila amri ya mahakama.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania njia ni tofauti kidogo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru, na mkataba uliopatikana kwa ulaghai au maelezo ya uongo unaweza kubatilishwa na yule aliyedanganywa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wateja, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko hayo. Kwa njia hiyo itabidi uthibitishe ulichoambiwa, kwa hiyo maneno ya wakala yaandikwe, au awepo shahidi, au mwambie akutumie ahadi yake kwa ujumbe wa simu. Wakala mkweli hatakataa.

Jambo moja zaidi kuhusu kitambulisho na picha ya uso. Wakala anapovichukua kwa ajili ya maombi ambayo hata hayajakubaliwa, amekwisha kukusanya taarifa zako binafsi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Una haki ya kujua zinakwenda wapi, na kama kuchelewa kulipia taa kutakuweka kwenye orodha ya wadaiwa ambayo benki huisoma ukiomba mkopo wa mbegu.

Aliye Kenya na ambaye mgogoro wake haukuisha kwa simu za huduma kwa wateja asiogope mahakama. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Unachohitaji ni kumbukumbu za malipo, ambazo simu yako inazo zote, ujumbe mliotumiana, na nakala ya mkataba. Kama nakala huna, kutokuwa nayo ni ushahidi pia.

Basi kama umeufunga mkataba wa sola nyumbani kwako Kenya chini ya mwaka mmoja uliopita, na mpaka leo hujawahi kukabidhiwa nakala yake, huenda haki yako ya kuufuta bado ni hai. Iandikie kampuni ujumbe ukidai nakala hiyo, taja tarehe uliyolipa arbuni, na uuhifadhi ujumbe huo. Kama umeridhika na taa zako, nakala itakulinda siku zitakapoharibika. Kama hujaridhika, ufute mkataba kabla mwaka haujatimia.